Mama Mkwe Hashuki Garini

Fundi Kalenga alikuwa na mikono mizuri na mdomo mbaya. Watu wa Manika, mtaa wake hapo Kolwezi, walimpelekea magari kwa ajili ya mikono, na mdomo wakauvumilia kama wanavyovumilia vumbi la kiangazi. Ukimletea gari ambalo betri yake imekauka, alikuuliza kwanza kama na watoto wako unawanyima maji vivyo hivyo. Ukimwambia kuna fundi mwingine alishaligusa, alishika kichwa, akalizunguka gari zima akiguna, ndipo akaanza kukueleza wewe na huyo fundi wako mlivyokutana katika ujinga. Halafu alitengeneza, na gari likatengenezeka kweli. Ndiyo maana walirudi.

Umeme wa magari alijifunza kwenye malori makubwa ya mgodini, na leo angekuwa mkubwa wa karakana huko kama si siku ile alipomwambia kiongozi wake, mbele ya timu nzima, kwamba kichwa alichonacho kazi yake ni kushikilia kofia tu. Wakamfukuza. Akafungua karakana ndani ya lupango lake, uwanja wa nyumba yake mwenyewe, ambako hakuna wa kumfukuza. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kalenga aliijua sana methali hiyo, tena alipenda kuwaambia wengine.

Mtu aliyemvumilia kuliko wote alikuwa mkewe, Ndaya. Watoto walipokuwa wakubwa na nyumba kuwa kimya, Ndaya alizoea kuja karakanani mchana kumshikia taa mumewe anapochungulia chini ya magari. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Kisha Jumamosi moja, mwanzoni mwa kiangazi, mdomo wa Kalenga ulimgeukia yeye mbele ya wateja. Kalenga hakukumbuka hata alisema nini. Kwake yalikuwa maneno kama mengine. Ndaya aliweka taa chini, akaingia ndani, akafunga nguo zake, akapanda gari la makala, lile la wauza mkaa, mpaka kwa mama yake, huko Mutshatsha. Hakurudi.

Mume wa namna hiyo anajua la kufanya. Anatafuta wazee wawili watatu, anashika kuku au kitambaa, anaenda kwa wakwe kuinamisha kichwa. Kalenga alisema ataenda wiki ijayo. Wiki hiyo ilikuwa na mazoea ya kusogea mbele. Papy, mchomeleaji wa ng'ambo ya barabara, alimuuliza mara moja tu na akajibiwa kwa namna ambayo hakuuliza tena. Lakini usiku Kalenga alisonga bukari yake mwenyewe, ikatoka na madonge, akaila hivyo hivyo akiwa amekasirikia unga. Alimtaka mkewe arudi. Alichoshindwa ni kufika mahali pa kusema hivyo.

Basi asubuhi moja Hilux nyeupe iliingia lupangoni ikikohoa moshi mweusi. Kalenga akafungua mdomo tayari kumshambulia dereva, akamwona aliyeketi kando ya dereva, na mdomo ukajifunga wenyewe. Alikuwa Mama Mbelu, mama yake Ndaya.

Kwa watu wao, mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Humtazami usoni. Huli mbele yake. Hukai alipokaa, hupiti karibu na miguu yake, na neno lenye uzito humwambii moja kwa moja, unalipitisha kwa mtu wa katikati. Na kama binti yake ameondoka kwako kwa uchungu, basi adabu hiyo unaizidisha mara mbili. Kalenga alichuchumaa mbali kidogo na gari, akatazama ardhi, akapiga makofi taratibu ya kusalimia. Mama Mbelu naye alipiga makofi, akiwa pale pale kwenye kiti.

"Merdi," Kalenga akamwambia dereva, ambaye alikuwa mtoto wa dada yake Mama Mbelu, mwanaume mzima mwenye maoni juu ya kila kitu, "muambie mama ashuke. Kuko kiti hapa mu kivuli."

Mama Mbelu alikuwa amesikia kila neno, lakini alingoja Merdi ageuke na kumrudia ujumbe. Kisha akajibu, akitazama mbele.

"Merdi, muambie tata fundi aksanti. Ila mi siwezi kukanyanga lupango fasi kesi ya mwana yangu haiyasikilizwa bado. Nitabaki humu mu gari. Aangalie gari."

Jina la Ndaya hakulitaja. Kalenga akaelewa kwamba hilo gari halikuja kutengenezwa tu. Mafundi wapo kila kona ya Kolwezi, na Mama Mbelu, mfanyabiashara wa makala na karanga aliyekuwa anajua thamani ya kila kitu barabarani toka Dilolo mpaka hapa, hakuwa mtu wa kupotea njia. Amekuja kumpima. Akirudi Mutshatsha na habari njema, labda Ndaya atarudi. Akirudi na habari kwamba mdomo ni ule ule, basi bukari yenye madonge ndiyo itakuwa chakula chake mpaka kufa. Kalenga akajiapia moyoni: leo, hata nikikanyagwa na hilo gari, sitamtukana mtu.

Kiapo hicho kilianza kupata taabu kabla ya boneti kufunguliwa.

"Tata Kalenga," Merdi akasema, "gari inatosha moshi nyeusi. Ku mulima haina nguvu ata kidogo. Na hii taa ya moteri iko inawaka tu. Mi naona ni pompe ya mazutu."

Kalenga hakusema anachofikiri juu ya macho ya Merdi yaliyoona pampu ya dizeli. Alichomeka skana yake chini ya usukani, akangoja, akasoma. Skana ikasema ni sakiti ya vani EGR.

Vani EGR ni kilango kidogo kwenye injini ya dizeli. Kazi yake ni kurudisha sehemu ya moshi ndani uungue mara ya pili, na kompyuta ya gari ndiyo inayokiamuru kifunguke au kifungwe. Amri inapita kwenye waya. Waya ukishindwa kuifikisha, kilango kinabaki wazi ovyo, injini inameza moshi wake yenyewe, nguvu zinakwisha, na taa inawaka kwenye tablo, mbele ya dereva, kulalamika.

"Vani EGR?" Merdi akacheka. "Iyo tu? Batu bote ba hapa bafungaka ile vani na kipande ya tole, na magari inatembea. Ukate tole, ufunge, tuende zetu."

Sasa, kama kuna jambo moja lililokuwa linamchemsha Kalenga kuliko yote, ni hilo la tole. Kila karakana ya jimbo hili ilikuwa na kipande cha bati tayari kwa ajili ya kuziba kilango hicho, kama vile kuziba mdomo wa mgonjwa ni kumponya. Tole linazuia moshi. Halijui lolote kuhusu waya. Taa ingebaki inawaka vile vile. Siku nyingine angemweleza Merdi hayo kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. Leo alipumua.

"Merdi ndugu yangu," akasema, na neno ndugu lilimkwaruza koo, "skana inasema sakiti. Tuangalie nshinga kwanza." Waya kwanza, si bati.

Mama Mbelu alikuwa anamenya karanga. Alichota kutoka kwenye mfuko uliokuwa chini, miguuni mwake, akamenya, akatafuna, akatazama mbele.

Kalenga alifungua boneti. Alichomoa fichi ya vani, ile plagi ya waya zake, akaisafisha, akaipulizia. Aliipa vani umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikaruka na kulia tak, maana yake yenyewe nzima. Alipima waya wa umeme kwa multimeta: volti zote zipo. Alipima masi, ule waya unaorudi kwenye chuma cha gari: nzuri. Akarudisha fichi, akafuta kosa kwa skana, akawasha gari. Taa ikazimika. Moshi ukakata. Injini ikanguruma safi.

"Umeona!" Merdi akasema. "Ilikuwa fichi tu. Mi nilikuwa nataka kusema fichi."

Mama Mbelu akainama kuchota karanga. Taa ikawaka.

Kalenga akairudia kazi yote. Akakwangua masi mpaka chuma kikameremeta, ingawa hakikuwa na kosa. Akafuta tena, akawasha tena, taa ikazima, akangoja. Akatikisa waya zote zilizo ndani ya boneti, moja moja, kama mtu anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Hakuna kitu. Taa imezima, injini inaimba. Akafunga boneti, akafuta mikono. Taa ikawaka.

"Aaah!" akasema, na hilo halikuwa tusi, kwa hiyo halikuhesabiwa.

Kufikia hapo vijana wa pikipiki waliokuwa wanangoja abiria kwenye kibanda cha Papy walikuwa wamevuka barabara. Hakuna gari linaloharibika Kolwezi bila kupata mkutano. Mmoja akasema ni mazutu mabaya yaliyochanganywa na mafuta ya taa. Mwingine akasema magari ya sasa yana kompyuta nyingi, bora lile la baba yake. Wa tatu, ambaye Kalenga alishamtengenezea pikipiki zaidi ya mara moja, alishauri waende kwa fundi mwingine, kijana tu lakini anajua. Mshipa wa shingo ya Kalenga ukatoka. Akatazama ardhi, kwa sababu upande mwingine wote kulikuwa na watu au mama mkwe.

"Merdi," sauti ya Mama Mbelu ikatoka garini, "uulize tata fundi kama iko anachoka."

"Muambie mama mi sichoke. Iko inaendelea muzuri."

Hakuna kilichokuwa kinaendelea vizuri. Jasho lilikuwa linamwingia machoni. Akaenda kwenye kabati, akatoa kifaa alichokiamini kuliko mashine zote: balbu ndogo yenye waya mbili. Multimeta inanusa tu umeme, haiuli. Waya ukibaki na uzi mmoja tu uliogusa, multimeta itakwambia volti zipo, na wewe utashinda hapo mpaka jioni unapongeza waya uliokufa. Balbu inakula. Ukiipa waya wenye afya, inawaka. Ukiipa waya mgonjwa, unaumbuka pale pale.

Akachomeka balbu mahali pa vani. Iliwaka kidogo, nyekundu kama kaa la sigara. Halafu Mama Mbelu akavuta miguu nyuma, na balbu ikazimika. Akanyoosha miguu, ikawaka tena.

Kalenga akaganda. Akaangalia balbu. Akaangalia, kwa pembe ya jicho, kitambaa chekundu cha kichwani mwa mama mkwe kikisogea nyuma ya kioo. Mama Mbelu akainama kuchota karanga, balbu ikafa. Akainuka, balbu ikafufuka.

Kosa lilikuwa chini ya tablo, mbele ya kiti cha abiria, mahali waya zinapotoka kwenye kompyuta ya gari. Lilikuwa katikati ya miguu miwili ya mama mkwe wake.

Hapo ndipo Kalenga alipotamani kweli kulia. Kupata kosa ni nusu ya kazi, na yeye alikuwa amelipata, na hakuweza kuligusa. Mume wa mtu haingizi kichwa chini ya magoti ya mama mkwe wake. Hata angekuwa anaungua. Afadhali gari lote lioze hapo.

"Merdi, muambie mama, kwa heshima yote, nshinga ile iko mbaya iko ku miguu yake. Ashuke dakika kidogo tu."

Ujumbe ukaenda. Ujumbe ukarudi.

"Mama anasema alishakuambia. Hashuke mu lupango yako."

"Basi wewe njo uangalie. Pitisha mukono pale chini ya tablo, tafuta fasi nshinga moja iliunganishwa."

Merdi akapitisha mkono, akashika kila kitu. Honi ikalia. Waipa zikaanza kufuta kioo kikavu. Redio, ambayo Merdi alisema ilikufa tangu mwaka jana, ikatoa mahubiri kwa sauti ya juu, na mhubiri alikuwa anazungumzia subira. Vijana wa pikipiki wakacheka mpaka wakashikana. Kalenga aliuma mdomo wa chini, akasema kwa upole wa kutisha, "Aksanti Merdi. Acha. Utoshe mukono."

Alizunguka uwanja. Alipiga teke tairi bovu lililokuwa pembeni, na tairi halikuwa mkwe wa mtu. Alitazama geti. Na ghafla akasimama. Mama mkwe amekataa kukanyaga lupango. Hakusema kitu juu ya barabara.

"Sukumeni!" akawaambia vijana. "Bote! Mulikuya kuangalia, basi musukume! Tunaitosha inje."

Wakaisukuma Hilux nyuma nyuma, Mama Mbelu ameketi wima ndani yake kama chifu anayepelekwa kwenye sherehe, wakavuka geti, wakaifikisha ng'ambo, mbele ya kibanda cha Papy. Papy akatoa kiti, akakifuta kwa shati lake. Mama Mbelu akatazama ardhi chini ya mlango, akapima kwa macho umbali wa geti, akaridhika. Akashuka taratibu na mfuko wake wa karanga, akapanga kitenge chake, akakaa. Kalenga, aliyekuwa amegeuka pembeni kwa adabu, aliona kwa pembe ya jicho kwamba mama mkwe alikuwa anazuia tabasamu. Moyo wake ukaruka. Kidogo tu, akajiambia. Imebaki kidogo tu.

Akaingia garini kichwa chini, miguu nje. Kwenye zulia kulikuwa na maganda ya karanga ya miaka. Akafungua kifuniko, akafuata waya kwa vidole, na mara akalishika: fundo nene lililofungwa kwa plastiki ya mfuko wa sukari. Akalifungua. Panya alikuwa ameula waya, na mtu alikuwa ameunga pengo kwa kipande cha shaba kilichotolewa kwenye mota iliyoungua.

Sasa ni lazima ujue kitu kuhusu shaba ya mota. Inang'aa kama shaba tupu, lakini imepakwa verni ngumu isiyoonekana, ili zile nyuzi zilizozungushwa zisigusane. Ukitaka kuiunga, unaikwarua kwanza kwa kisu ncha zote mbili. Usipokwarua, umeunga mapambo. Umeme unagonga mlango na haufunguliwi; ukitikisa kidogo, mchubuko mmoja unagusa, ukitikisa tena unaachia.

Asubuhi nzima. Jasho lote lile. Mahubiri. Ndugu yangu Merdi. Ushauri wa waendesha pikipiki. Vyote kwa ajili ya shaba isiyokwaruliwa, katika nchi ambayo watu wanachimba shaba mpaka chini ya vitanda vyao. Kalenga akatoka ndani ya gari kwa kurudi nyuma, fundo mkononi, na mlango wa kinywa chake ukafunguka wote.

"Ni nani huyu?" akapaza sauti. "Ni mupumbafu gani alifunga nshinga hii? Mutu anazaliwa yulu ya mukuba, anakufia yulu ya mukuba, na hajue mukuba ya moteri iko na verni? Ata kuku ingefanya muzuri kupita huyu! Huyu hana akili! Bamukataze kugusa gari, bamukataze ata kuwasha taa ya nyumba! Kichwa ya bule! Bule kabisa!"

Vijana wakapiga miluzi. Huyo ndiye Kalenga waliyemzoea, na walikuwa wameanza kufikiri ni mgonjwa. Yeye mwenyewe alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia. Hakuwa amemtukana mama mkwe, hakuwa amemtukana Merdi. Alimtukana mtu asiyekuwepo, na hilo linaumiza nani?

Kisha akaona kwamba Merdi, mwenye maoni juu ya kila kitu, alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kalenga," Mama Mbelu akasema.

Hakusema tata. Hakusema fundi. Hakumpitisha Merdi katikati. Vijana wa pikipiki, ambao nao walikuwa na wakwe, wakarudi nyuma hatua moja.

"Ule mupumbafu ni Ndaya, bibi yako."

Kalenga alisimama na lile fundo mkononi.

"Alikuwa anarudia kwako," Mama Mbelu akaendelea, sauti yake ikiwa ya chini tu. "Na bintu yake bote, nguo yote, nyuma ya gari. Bapita mbele ya mto, taa inawaka, gari inakataa mulima. Merdi iko anasema pompe, iko anasema nini, sijue. Ndaya njo alitafuta ye mwenyewe, na macho, na mikono, mpaka akaona fasi panya ilikula. Haikukuwa mashine ya kumuonyesha. Akaomba nshinga ku batu ba moulin, fasi banasagaka unga, ba ile moteri iliungua. Akafunga vile alikuonaka unafunga. Gari ikatembea kidogo, ikakosa tena nguvu ya mulima. Bakarudia kwangu."

Kalenga hakuthubutu kuinua macho.

"Siku ile alitoka hapa kwako, alikuuliza kitu. Iko anakushikia taa, unakwarua nshinga na kisu, akakuuliza: juu ya nini unakwarua? Unakumbuka ulimujibia nini?"

Hakukumbuka. Sasa alikumbuka. Alimwambia: shika taa, akili ya kujua hii utaipata wapi? Na wateja walicheka, na yeye aliona fahari kidogo kwamba wamecheka.

"Aliporudia ku nyumba na gari haina nguvu," Mama Mbelu akasema, "alikaa chini, akaniambia: Mama, bwana yangu alisema kweli, mi sina akili. Njo mi nikasema, nitapeleka hii gari kwake yeye, na hatutamuambia kitu, mi na Merdi, nione kama ni kichwa ya mwana yangu iko na makosa."

Alikuwa amemaliza. Akachukua mfuko wake wa karanga, akauweka mapajani, hakumenya.

Kalenga alilitazama fundo kwa mara ya pili, na safari hii alilitazama kama fundi. Ncha moja ya shaba ilikuwa imekwaruliwa, safi, pande zote, kwa mkono wa mtu aliyekuwa ameangalia vizuri. Ncha ya pili ilikuwa bado na verni yake, haijaguswa na kisu. Aliona kukwarua bila kuelezwa sababu. Basi alifanya alichokiona na hakujua kwamba kinahitajika mara mbili. Na msokoto wenyewe ulikuwa wake, Kalenga, ule wa kupinda mkia wa waya kurudi nyuma usichomoke, ambao hakumfundisha mtu yeyote.

Aliingia tena garini, akakata kipande kibaya, akaweka waya mzuri, akalehemu kwa risasi, akafunika kwa tepu. Alifanya taratibu. Alifuta kosa kwa skana. Merdi akawasha. Kalenga akagonga chini ya tablo kwa ngumi, akavuta waya, akapiga tena. Taa haikuwaka. Moshi ulitoka mwembamba, ukapotea.

Mama Mbelu akainuka, akarudi kwenye kiti chake. Alipofunga mlango alisema, bado moja kwa moja, bado bila kumtazama:

"Ile maneno umesema hapa mbele ya batu. Nimupelekee vile vile umeisema, ao wewe mwenyewe utakuya kumuambia ingine?"

Maji yakimwagika hayazoleki, na barabara nzima ilikuwa imelowa. Kalenga alitazama lupango lake, vifaa vilivyotapakaa chini, boneti ya gari la mteja iliyokuwa wazi. Wazee hakuwa nao, wala kuku, wala kitambaa. Alimwomba Papy afunge geti. Kisha akapanda nyuma ya Hilux, kwenye bati jeusi la vumbi la makala, kwa sababu mbele kuna mama mkwe na mahali pake si pale.

Gari likashika njia ya Mutshatsha. Lilipanda mlima wa kwanza bila kuguna, likapanda wa pili, na Kalenga, aliyekuwa ameshikilia ukingo kwa mikono miwili huku vumbi jekundu likimpaka juu ya jeusi, hakuona raha yoyote katika injini hiyo nzuri. Alikuwa anatafuta maneno. Nisamehe lilikuja, akaliweka pembeni. Hilo atalisema, lakini Ndaya hakuwa ameomba hilo. Aliuliza swali.

"Mukuba ya moteri iko na verni," akasema kwenye upepo. "Haionekane. Inakatazaka umeme kupita. Njo maana tunaikwarua, ncha zote mbili."

Yalikuwa hayo tu. Pumzi moja. Hata taa haingepata nafasi ya kumchosha Ndaya mkono. Na hata sasa, peke yake, juu ya gari, aliyasikia yametoka kwa ukali, kama mtu anayegombeza. Akayasema tena, yakatoka makali vile vile. Mutshatsha ilikuwa bado mbali. Akapangusa mdomo, akaanza upya kwa sauti ya chini.